Je, Vatikano ni "Kijinchi" Tu? Somo juu ya Madola Madogo na Majina Yake



Wakati wa likizo iliyopita nilisaidia kufundisha wakatekumeni katika kigango kimoja cha parokia yetu. Siku hiyo tulizungumzia huduma ya Baba Mtakatifu. Mzee mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa Ubatizo akanyoosha mkono: "Frateri, jirani zangu wananiambia nikiwa Mkatoliki nitakuwa nimejiunga na nchi ya kigeni, maana Papa ana nchi yake na mabalozi wake. Niwajibu nini?" Nikamjibu haraka: "Mzee wangu, usijali. Vatikano ni kijinchi tu." Watu wakacheka, somo likaendelea. Mzee hakucheka. Yeye aliuliza swali la dhamiri, mimi nikamjibu kwa kipimo cha shamba.

Somo hili ni jaribio la kumjibu upya. Tuanze na maneno yenyewe, kwa sababu kosa langu lilianzia hapo.

1. Nchi, taifa, dola, serikali

Katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya maneno haya manne, na mara nyingi hakuna madhara. Lakini tukitaka kufikiri vizuri, tuyatenganishe. Nchi ni ardhi yenye mipaka. Taifa ni watu waliounganishwa na historia, lugha au nia ya kuishi pamoja. Serikali ni wale wanaoongoza kwa wakati fulani. Huja na kuondoka. Dola ni mamlaka yenyewe ya kujitawala, yenye sheria zake na isiyo chini ya dola jingine.

Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unataja sifa nne za dola: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Hakuna kifungu kinachosema eneo liwe na ukubwa gani, wala watu wawe wangapi.

Madola madogo yanatulazimisha kuwa waangalifu na majina. San Marino, yenye kilomita za mraba 61 tu, ni jamhuri, na wakuu wake wawili hubadilishwa kila baada ya miezi sita. Monako, yenye takribani kilomita za mraba 2, huongozwa na mtu ambaye magazeti yetu humwita "mwana mfalme". Msomaji anaweza kuuliza: mfalme baba yake yuko wapi? Hayupo. Cheo hicho ni cha mtawala mwenyewe, ila lugha yetu haijapata neno lake lililozoeleka.

2. Udogo haupunguzi kuwa

Sasa neno "kijinchi". Kiswahili kina namna mbili za kufanya kitu kiwe kidogo. Kutoka "mji" tunapata "kijiji", kutoka "mto" tunapata "kijito", na hakuna anayetukanwa. Lakini kutoka "mtu" tunapata "kijitu", na hapo dharau imeingia. "Kijinchi" kinafuata njia ya "kijitu". Hakisemi tu kwamba eneo ni dogo. Kinadokeza kwamba halistahili kuhesabiwa.

Wanafunzi wa falsafa tunajua tofauti aliyoifundisha Aristotle kati ya kiini cha kitu na kiasi chake. Mtu mfupi si mtu pungufu. Mwanasheria Emer de Vattel, katika kitabu chake cha mwaka 1758 juu ya sheria ya mataifa, alitumia mfano wa namna hiyo kutetea jamhuri ndogo: kimo hakibadili utu, na vivyo hivyo eneo halibadili mamlaka ya dola. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, anafundisha kwamba madola yote yako sawa katika hadhi ya asili.

Mtu anaweza kupinga: Aristotle huyohuyo alisema mji mdogo kupita kiasi hauwezi kujitosheleza. Ni kweli. Liechtenstein hutumia fedha ya Uswisi, na Mji wa Vatikano hupata maji yake kutoka Italia. Lakini kumtegemea jirani si kuwa mtumwa wake. Hata madola makubwa hununua mafuta na ngano kwa wengine. Mwaka 1920 Liechtenstein ilikataliwa kuingia Shirikisho la Mataifa, na udogo wake ulikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1990 ikapokelewa katika Umoja wa Mataifa, na katika Baraza Kuu ina kura moja, sawa na China. Eneo lake halikuwa limeongezeka. Kilichobadilika ni namna wengine walivyoitazama.

3. Mji wa Vatikano na Kiti Kitakatifu

Turudi kwa swali la mzee. Mji wa Vatikano una hekta 44, yaani takribani ekari 109, na wakazi wake hawafiki 1,000. Ni dola kweli, na Papa ndiye mtawala wake. Lakini si taifa: hakuna kabila la Wavatikano, na kwa kawaida uraia wake hutokana na utumishi, si kuzaliwa. Mtu akimaliza utumishi wake, kwa kawaida uraia huo nao huisha. Mkatoliki wa Songea au wa Kitui hapati uraia huo kwa Ubatizo.

Je, yule tunayemwita "Balozi wa Vatikano" anawakilisha nini? Hapa maneno yanatuponyoka. Balozi wa Papa hawakilishi ekari 109. Anawakilisha Kiti Kitakatifu, yaani huduma ya mwandamizi wa Mtume Petro katika kuliongoza Kanisa lote. Hata kwenye Umoja wa Mataifa, mtazamaji wa kudumu tangu mwaka 1964 ni Kiti Kitakatifu.

Historia inathibitisha tofauti hii. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya Italia yaliingia Roma, na Papa akapoteza dola lake. Kwa zaidi ya miaka 58 hakuwa na nchi inayotambulika kuwa yake, lakini aliendelea kupokea na kutuma mabalozi. Mji wa Vatikano ulizaliwa kwa Mkataba wa Laterano wa tarehe 11 Februari 1929. Kiti kilitangulia, nchi ilikuja baadaye kukihudumia, ili Papa asiwe chini ya serikali yoyote anapofundisha. Pius XI mwenyewe alieleza kwamba alitaka ardhi kidogo tu, kama mwili unaotosha kuibeba roho.

Kwa njia nyingine kabisa, visiwa vya Tuvalu katika Bahari ya Pasifiki vinauliza swali hilohilo leo. Bahari inatishia kuvimeza, na mwaka 2023 Tuvalu iliandika katika katiba yake kwamba dola lake litaendelea kuwapo hata ardhi ikipotea. Wao si kijinchi. Ni watu wanaotetea haki ya kuendelea kuwapo.

Hitimisho

Leo ningemjibu hivi: "Mzee wangu, ukibatizwa utabaki raia wa nchi yako, na utaipenda zaidi. Utii wako kwa Papa ni wa imani, kwa sababu ameketi katika kiti cha Petro. Zile ekari chache ni uzio wa kulinda uhuru wa sauti yake."

Na kwetu tunaotumwa vigangoni: tusipime uzito wa swali kwa udogo wa mahali lilipoulizwa. Nilidharau nchi ndogo kwa neno moja, na kwa neno hilohilo nikadharau swali la mzee.

Maswali ya kutafakari

1. Ni maneno gani tunayotumia parokiani ambayo huwafanya watu wachache waonekane pungufu?
2. Ungeelezaje tofauti kati ya Mji wa Vatikano na Kiti Kitakatifu kwa jirani asiye Mkatoliki?
3. Kutegemeana na kutawaliwa kunatofautianaje katika familia na katika jumuiya ndogondogo?