Somo: Kutafuta resori ya basi la zamani la koperative

Wandugu wana-koperative,

Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu na magonjwa ya muhogo. Leo tunasema juu ya gari. Muhogo wenye kukwama njiani siku tatu mu mvua ni hasara sawa na ule wenye kuoza shambani.

Koperative nyingi zinatumia Mercedes 207 D, aina iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1977. Nyingi zilifika kwetu zikiwa gari za mizigo. Mafundi wakakata madirisha, wakaweka mabenchi, zikawa mabasi. Sasa sisi tunatoa mabenchi tena ili tupakie mifuko!

Sisi wenyewe tulikosea. Resori ya nyuma ilivunjika, tukatuma kijana mjini na neno moja tu: "resori ya Mercedes". Akarudi na ya 407. Haikuingia, na muuzaji akakataa kuirudisha. Makuta ya mifuko sita ya maharagi yakapotea, na gari likalala wakati wa bei nzuri. Kosa halikuwa la kijana: hatukumpa vipimo.

1. Soma namba ya gari. Katika 207, 2 inaonyesha kundi la uzito: tani mbili na kitu, gari pamoja na mzigo. 07 ni nguvu ya motere, karibu farasi 70. 407 ni ya tani zaidi ya nne. Andika pia namba ya chassis.

2. Pima resori ya zamani. Ifungue, isafishe, uandike:
- hesabu ya lame, upana na unene wa kila moja;
- urefu toka buloni ya katikati mpaka jicho la mbele, kisha mpaka jicho la nyuma (mara nyingi si sawa);
- upana wa tundu la jicho;
- kimo cha mgongo wake ikiwa bila mzigo.
Kama inawezekana, beba lame yenyewe iliyovunjika. Chuma hakidanganyi.

3. Chunguza resori ya okazio. Paka petroli ya taa, ngoja kidogo, panguza kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mstari mweusi ukitokea, kuna ufa: usinunue. Angalia sana karibu na tundu la katikati. Mara nyingi njo pale lame inavunjika.

4. Usikubali kuunganisha lame kwa moto. Moto wa kuchomea unaharibu ugumu wa chuma, nayo itavunjika tena pembeni ya kidonda, labda kwenye mteremko, watu wakiwa juu ya mifuko.

5. Badilisha pande mbili pamoja. Mpya kushoto na iliyochoka kuume, gari litainama. Nunua pia brida mpya, ni kusema vile vyuma vya umbo la U: za zamani zimekwisha kuvutika. Baada ya kilomita mia chache, zikaze tena.

Wengine wanasema: "Ongeza lame mbili, tupakie zaidi." Hapana, wandugu. Resori itabeba, lakini ekseli, frein na chassis ni vile vile. Fanya hesabu: uzito wote wenye kuruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Mfano: kilo 2.800 toa 1.800, inabaki 1.000. Shofere na msaidizi wake wanachukua karibu 150. Inabaki 850, ni kusema mifuko minane ya kilo 100, si kumi na tano. Safari mbili zinakula mazuti, lakini resori iliyovunjika inakula msimu.

Kazi ya kikundi: mbele ya mkutano ujao, shofere na mwandishi wapime resori zote nne na kuandika vipimo katika daftari ya gari. Muulizane: nani anachunga daftari ile? Na nani ana ruhusa ya kumwambia shofere, "Mifuko imetosha"?