Maji ya Moto Nyumbani: Namna ya Kuyapata bila Kuteketeza Mali



Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo kila nyumba ya nchi za baridi yalijua, lakini ni wachache walihesabuo: maji ya moto ya kuoga. Wengi wametuuliza kama inafaa kuacha kuni au umeme na kununua mtambo wa kupasha maji kwa jua. Hatutajibu kwa neno moja, maana jibu la nyumba hii silo jibu la nyumba ile. Ila tutaeleza mambo yenyewe kwa taratibu, ili kila mtu aweze kupima mwenyewe.

1. Gharama iliyofichika

Huko Marangu, Lushoto, Njombe na Makete hakuna amwoshaye mtoto mchanga kwa maji ya baridi asubuhi ya mwezi wa Julai. Hapana budi maji yapashwe moto. Lakini ukimwuliza mwenye nyumba, "Maji haya yakugharimu nini?" mara nyingi atajibu, "Hayanigharimu kitu. Kuni twaokota tu." Jibu hilo si kweli. Mkewe ametembea asubuhi kwenda kuzitafuta, na binti yake amechelewa shule kwa sababu ya kuuchochea moto. Jambo lisilolipwa kwa fedha hulipwa kwa mgongo wa mtu, na yatupasa kuuliza ni mgongo wa nani.

Mjini nako gharama imejificha kwa namna nyingine. Mtu hununua umeme wa luku, nao waisha upesi. Hulaumu taa na redio, kumbe mlaji mkubwa ni hita ya maji iliyo bafuni, ambayo huwashwa asubuhi na kusahauliwa mpaka jioni.

Tena ziko hatari tatu ambazo si za fedha. Ya kwanza ni maji yenyewe: mtoto hujikwaa katika sufuria iliyotoka motoni, akaungua. Ya pili ni jiko la mkaa liingizwalo chumbani ili lipashe maji na kuwapa watu joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu waliofunga madirisha huweza kufa usingizini. Ya tatu ni koili ya umeme itiwayo ndani ya ndoo: atiaye mkono kuonja joto kabla ya kuichomoa huweza kupigwa na umeme na kufa. Basi neno hili si la anasa. Ni neno la uhai.

2. Hesabu ya joto

Maji ni kitu kinachotaka joto jingi kuliko vitu vingi. Ili kuzidisha joto la lita 100 za maji kwa nyuzi 8 na nusu hivi, yahitajika uniti 1 nzima ya umeme. Sasa tuchukue nyumba ya watu watano, kila mmoja akioga ndoo moja ya lita 20. Jumla ni lita 100. Maji ya bomba huko milimani tuseme yana nyuzi 18, na ya kuogea yatakiwa nyuzi 40. Tofauti ni nyuzi 22. Gawanya kwa 8 na nusu, utapata uniti 2 na nusu kwa siku, yaani kama uniti 77 kwa mwezi. Hita yenye tangi hupoteza zaidi ya hapo, maana maji yaliyokwisha kupata moto hupoa usiku kucha bila kutumiwa na mtu.

Na kuni je? Mafiga matatu hupeleka majini sehemu ndogo tu ya joto la moto, kama sehemu 10 hadi 15 katika 100. Joto lililobaki huenda na upepo na moshi. Kwa hiyo lita zile zile 100 hula kilo 4 hadi 6 za kuni kavu kila siku. Kwa mwezi ni zaidi ya kilo 120. Mzigo huo umebebwa kichwani na mtu.

3. Kwanza punguza, kisha badili

Asiyeziba tundu la ndoo hana haja ya kutafuta kisima kipya. Kabla ya kununua mtambo wo wote, twashauri mambo haya.

Funika sufuria, sufuria isiyofunikwa hupoteza joto jingi kwa mvuke. Tumia kuni zilizokauka, maana kuni mbichi hula joto lao lenyewe kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake. Jenga jiko lililozungushiwa ukuta, lenye bomba la moshi. Jiko jema laweza kupunguza kuni hata karibu nusu. Usichemshe maji ya kuoga mpaka yatokote halafu uyapoze kwa maji ya baridi bila kipimo. Pasha yale yanayotosha.

Mwenye hita ya umeme yenye tangi aiwashe kwa saa yake na kuizima. Mabomba ya maji ya moto yaliyo wazi ayavike vazi la kutunza joto. Kichwa cha bomba la mvua kitoacho maji machache hupunguza maji na umeme pamoja. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi, na yatamfaa hata atakayenunua mtambo wa jua baadaye, kwa kuwa mtambo mdogo utamtosha.

4. Mtambo wa jua na kazi yake

Watu wengine hudhani mtambo huu ni jambo la jana. Sivyo. Mwaka 1767 mtaalamu wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lenye vioo juu yake, akaliweka juani, na joto la ndani likapita kiwango cha maji kuchemka. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, huko Marekani, alipata hati ya mtambo wa kupasha maji kwa jua. Lakini katika mtambo wake maji yalikaa mle mle ndani ya sanduku, yakapoa usiku. Ndipo William Bailey wa California, mwaka 1909, akatenga tangi na sanduku: sanduku lipokee jua, na tangi lililovikwa vizuri litunze joto hata asubuhi. Mwaka 1980 Israeli ilitunga sheria ya kutaka nyumba mpya ziwe na mitambo hii, na mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni zilizohusu nyumba zinazotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku.

Kazi yake ni nyepesi kufahamu. Kioo hupitisha mwanga wa jua lakini huzuia joto lisitoke. Chini ya kioo kuna bamba jeusi, maana rangi nyeusi hunywa mwanga. Na juu ya bamba hupita mabomba membamba, mara nyingi ya shaba. Maji yaliyo ndani ya mabomba yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe mpaka kwenye tangi lililo juu. Yale ya baridi, kwa kuwa ni mazito, hushuka kuchukua mahali pake. Huzunguka hivyo mchana kutwa bila pampu wala umeme. Lakini tangi hapana budi liwe juu ya sanduku. Likiwekwa chini, maji hayatapanda. Na usiku huenda yakarudi nyuma na kupoa.

Iko na namna ya pili, yenye mirija ya kioo iliyo na kuta mbili, na katikati ya kuta hizo hewa imeondolewa. Joto halipiti upesi mahali pasipo na hewa, kwa hiyo mirija hiyo hufaa sana katika nchi za baridi.

Hapa tunawaonya wasomaji wasichanganye vitu viwili. Paneli ya umeme wa jua si mtambo wa maji. Paneli hugeuza kama sehemu 20 katika 100 za mwanga kuwa umeme. Sanduku la maji laweza kutunza karibu nusu ya mwanga huo kuwa joto. Siku njema, mahali pengi pa Tanzania, jua hutoa kama uniti 5 kwa kila mita mraba. Sanduku la mita mraba 2 hupokea uniti 10, na likitunza 4 tu, zatosha nyumba yetu ya watu watano na kubaki.

5. Mahali pa kuuweka na namna ya kuutunza

Mitambo mingi iliyoharibika haikuharibiwa na jua, bali na haraka ya mwenye kuifunga. Basi angalia haya.

Sisi tulio kusini ya Ikweta tuelekeze sanduku kaskazini. Walio kaskazini yake walielekeze kusini. Karibu na Ikweta, kama Bukoba, upande si neno kubwa, lakini mwinamo ni wa lazima, usipungue nyuzi 10 hadi 15, ili maji yapande na mvua ioshe vumbi. Kivuli cha mti kisifike juu yake, hasa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri.

Pima nguvu ya paa. Lita 150 za maji ni kilo 150, na uzito wa tangi haujahesabiwa bado. Boriti zilizoliwa na mchwa hazitachukua mzigo huo. Afadhali kujenga jukwaa kando ya nyumba. Vilevile tangi la maji ya baridi liwe juu kuliko la moto, ama sivyo maji hayatafika bafuni.

Mirija ya kioo isitiwe maji ya baridi wakati wa adhuhuri baada ya kukaa juani mitupu, maana itapasuka. Ijazwe alfajiri, au ifunikwe nguo kwanza. Mahali penye sakitu, kama nyanda za juu za Makete, maji huweza kuganda ndani ya mabomba ya sanduku na kuyapasua. Huko muulize fundi habari ya mtambo ustahimilio baridi.

Vali ya kupunguza nguvu ya mvuke isizibwe kamwe, ijapokuwa yadondosha maji. Kijiti cha magnesi kilicho ndani ya tangi la chuma huliwa na kutu badala ya tangi. Kikaguliwe na kubadilishwa kiishapo. Penye maji ya chokaa, mtambo usafishwe, maana chokaa huziba mabomba.

Tena maji ya jua huweza kupita nyuzi 60, na moto wa kiasi hicho huunguza ngozi kwa muda wa sekunde chache. Katika beseni la mtoto tangulieni kutia maji ya baridi, ndipo ya moto. Lakini maji ya vuguvugu yaliyokaa siku nyingi tangini huzalisha vijidudu vya maradhi ya mapafu. Kwa hiyo nyumba za wageni na zahanati wahakikishe tangi lapata nyuzi 60 mara kwa mara, na bombani waweke vali ya kuchanganya maji.

6. Je, utalipa?

Tutoe mfano, bei hizi ni za mfano tu, kila mtu atie za kwake. Tuseme mtambo na ufundi ni shilingi 1,500,000. Nyumba ya kwanza yaokoa shilingi 25,000 kila mwezi. Gawanya: ni miezi 60, yaani miaka 5. Mtambo mwema uliotunzwa hudumu zaidi ya hapo, basi nyumba hiyo yafanya vema kununua. Nyumba ya pili ni ya wazee wawili, nao huokoa shilingi 8,000 tu. Kwao ni zaidi ya miaka 15. Hao twawaambia wazi: msikope kwa ajili ya mtambo. Jengeni jiko jema, fedha iliyobaki itumieni kwa jambo lililo kubwa zaidi.

Msisahau siku za mawingu. Kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, mwezi wa Juni na Julai mawingu huweza kukaa siku kadhaa, na wakati huo ndio maji ya moto yatafutwapo zaidi. Mtambo wa jua wahitaji msaidizi, ama umeme kidogo, ama jiko lile jema. Mwuzaji asemaye kwamba hutahitaji kitu kingine mwaka mzima, mwulize habari za Julai, kisha usikilize jibu lake.

Penye umeme wa hakika na mawingu mengi, iko pampu ya joto. Friji hutoa joto ndani yake na kulitupa nje. Pampu hii hulichukua joto la hewa na kulitia majini. Kwa uniti 1 ya umeme huleta joto la uniti 2 hadi 3. Bei yake ni kubwa na mafundi wake ni wachache, kwa hiyo hufaa mabweni na hospitali kuliko nyumba ndogo.

Na nyumba isiyolipa fedha kwa kuni, itahesabuje? Ihesabu saa. Mama na binti wakitumia saa 5 kwa juma kutafuta kuni za kuogea, kwa mwaka ni saa 260. Mume na mke waketi pamoja, waiweke hesabu hiyo mezani karibu na ile ya fedha, ndipo waamue.

Maswali ya darasa

1. Nyumbani kwenu ni nani apashaye maji moto, na huamka saa ngapi?
2. Pima kuni za siku moja zinazotumiwa kwa maji ya kuoga tu. Ni kilo ngapi?
3. Kwa nini tangi huwekwa juu ya sanduku la jua?
4. Ni jambo gani la kupunguza gharama mnaloweza kulianza juma hili bila kununua kitu?
5. Taja hatari tatu za maji ya moto, na namna ya kumlinda mtoto.

Waalimu, msiulize swali la kwanza kwa wanaume peke yao.