Maabara ikiwa mbali, usingoje kuanza dawa

Zamani ARV zilikuwa dawa za matajiri. Mwaka 2000 Dk. Peter Mugyenyi, aliyekuwa mkuu wa kituo cha utafiti cha JCRC, Kampala, aliagiza za bei nafuu kutoka India. Kuanzia 2003 yeye na wenzake wa Uganda na Zimbabwe waliwafuatilia wagonjwa 3,316. Baada ya miaka 5, kati ya kila 100 waliotibiwa kwa kufuata vipimo vya maabara, 90 walikuwa hai. Waliotibiwa kwa kuangaliwa dalili tu, 87. Tofauti ni ndogo! Basi maabara ikiwa mbali, anza dawa, umeze kila siku. Ukiitwa kupimwa wingi wa virusi, nenda: kipimo hicho huonyesha kama dawa bado inafanya kazi.