Kutengeneza Pua: Ni Kitu Gani Kitiwacho Ndani Yake?

Tumeulizwa na mzee mmoja katika wanadarasa wetu: Mwanawe alipigwa usoni na foromali ya chombo, pua ikabonyea katikati hata hapumui vyema. Tabibu amesema yawezekana kuinuliwa kwa kutiwa kipande ndani, na amempa hiari: ama gegedu la ubavu wake mwenyewe, ama kipande cha silikoni. Je, yafaa katika dini? Na kipi kilicho salama?

Jawabu: Swali la kwanza halina uzito. Kukirudisha kiungo kilichoharibika si sawa na mtu kulichoka umbo alilopewa na Mola wake. Dalili ni kisa cha Arfaja bin As'ad, kilichopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahili, akajifanyia pua ya fedha, nayo ikamnukia, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha afanye ya dhahabu. Wengi wetu tukiisoma hadithi hii husimama kwenye hukumu ya dhahabu kwa wanaume, tukapita. Lakini itazame ile fedha. Ilikuwa halali, wala haikufaa. Na Arfaja hakuambiwa avumilie uvundo, bali aliambiwa abadilishe.

Basi swali la pili ndilo kubwa, nalo limewashinda mafundi wengi. Matabibu wa Ulaya na Marekani wamejaribu kutia puani pembe za ndovu, madini, hata mfupa wa kidari cha bata. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipiga sindano za nta ya parafini. Gladys Deacon, aliyekuja kuwa mke wa mtawala wa Marlborough huko Uingereza, alitiwa nta hiyo akiwa na miaka 22, naye alikuwa mashuhuri kwa uzuri wake. Nta ikateremka na kumharibu uso, akaishi hivyo mpaka alipokufa mwaka 1977.

Silikoni si kama nta. Ni kipande kigumu kiasi, huchongwa kwa urahisi, hakipindi wala hakiyeyuki, na mgonjwa hapasuliwi mahali pengine. Kwa hayo imeenea sana katika nchi za Asia ya Mashariki. Ila yabaki kuwa mgeni: mwili huizungushia utando na kuiacha humo, wala hauingii ndani yake. Ikifika kwenye ncha ya pua, ambako ngozi hukazwa nayo, yaweza kuikonda ngozi kidogo kidogo hata ikatokeza nje. Na vijidudu vikiingia hufanya usaha ambao mara nyingi hautulii mpaka kipande kitolewe. Huenda likatokea hilo baada ya miaka mingi, wakati mtu amekwisha kusahau. Viko vitu vingine vya kutengenezwa vyenye matundu madogo ambayo nyama humea ndani yake. Hivyo hushika vyema zaidi, lakini kwa sababu hiyo hiyo ni taabu kuvitoa vikiharibika.

Gegedu la mtu mwenyewe hukaa likiwa hai, wala mwili haulikatai. Hutolewa katika ukuta ulio baina ya tundu mbili za pua, au nyuma ya sikio, au ubavuni. Kwa pua iliyobonyea sana, ukuta huo huwa umekwisha kuharibika na la sikio huwa dogo, basi hubaki ubavu. Nao una gharama yake: maumivu ya kifua, kovu, na hatari ndogo ya kutobolewa utando wa pafu. Tena gegedu la ubavu likichongwa hupinda. Gibson na Davis walieleza sababu yake mwaka 1958: lina mvutano ndani yake, ukilikata upande mmoja, upande wa pili hulivuta. Fundi mzuri huchonga pande zote sawa.

Liko pia gegedu la maiti lililosafishwa kwa mionzi, na hilo huweza kuliwa na mwili likapungua. Na viko vipande vya utando vilivyotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Mwislamu na aulize kabla ya kulala kitandani, asingoje baada yake. Ama wale wanaopiga sindano za maji ya kujaza pua madukani mwa urembo, twawatahadharisha wasomaji kwa ukali: maji hayo yakiingia katika mshipa wa damu uendao jichoni, mtu hupofuka papo hapo.

Twaona pia ni wajibu kutaja jambo ambalo mzee wetu hakuliuliza. Pua ikipigwa, damu yaweza kukusanyika ndani ya ule ukuta wa kati na kulinyima gegedu chakula chake. Likiachwa siku chache hufa, pua ikabonyea. Mtoto aliyepigwa pua, ikavimba ndani na kuziba, na apelekwe kwa tabibu siku ile ile. Kijana huyu alikaa juma zima chomboni.

Tulimwambia mzee achague ubavu, na amwulize tabibu amekwisha kuwatengeneza wangapi kwa namna hiyo. Kijana amekwisha kupasuliwa. Alilalamikia kifua zaidi kuliko pua, na sasa anapumua. Ameambiwa angoje mwaka kamili kabla ya kujulikana kama gegedu limetulia au limepinda.