Nani Atamlea Kijana wa Mabatini?

Mgeni aingiaye mjini Mwanza huona kwanza mawe, kisha huona nyumba zilizopanda juu ya mawe. Mabatini, kata mojawapo ya Wilaya ya Nyamagana, ina sura hiyo: vilima, vichochoro, mapaa ya bati yaliyokaribiana, na Mto Mirongo ukipita bondeni kuelekea ziwani. Wakazi wake ni watu wa kazi: mafundi, wachuuzi, mama lishe, waendesha pikipiki na wachukuzi wa mizigo. Mitaa ya namna hiyo haipo Mwanza peke yake. Msomaji wa Dar es Salaam, wa Mbeya au wa Arusha anayo ya kwake karibu, na neno tutakalolisema juu ya Mabatini na alipime kwa mtaa wake mwenyewe.

Somo letu la juma hili lahusu vijana wanaolelewa na barabara: yule aliyeacha shule kabla ya wakati, yule aliyekimbia nyumba ya baba wa kambo, yule msichana aliyeletwa mjini kwa kazi za ndani kisha akafukuzwa usiku bila nauli. Twataka kuuliza ni kitu gani humrudisha kijana wa namna hii, na ni wajibu wa nani kumrudisha.

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza ni rungu. Watu husema, “Huyo ni mhuni,” na siku simu ya mtu ipotepo hupigwa ukelele wa mwizi, na kabla askari hawajafika kijana amekwisha kupigwa, pengine hata kufa. Tendo hilo ni dhambi ya kuua, nalo ni kosa la jinai. Hasira ya wengi haiwi hukumu. La pili ni sarafu. Kijana hupewa shilingi mia tano au sahani ya wali, naye mtoaji huenda zake akiwa na moyo mweupe. Sadaka ni njema, wala hatuikatazi. Lakini tazameni, rungu na sarafu vyafanana katika jambo moja: vyote viwili humwacha kijana palepale alipokuwa, peke yake.

Yatupasa kwanza tufahamu jinsi kijana anavyopotea, maana hapotei kwa siku moja. Huanza kwa kukosa shule siku mbili tatu, kwa njaa, kwa fimbo, au kwa aibu ya kukosa sare. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na za sekondari za Serikali hadi kidato cha nne, nasi twashukuru. Lakini daftari, viatu na chakula cha mchana vyabaki mikononi mwa mzazi. Siku zile za kukosa shule kijana huzipeleka sokoni, ambako hupata fedha kidogo kwa kubeba mizigo au kuokota chupa na chuma chakavu. Fedha ile humwongoza kijiweni. Na kijiweni hupokewa. Hapo tusidanganyane: kijiwe humpa vitu ambavyo pengine sisi tumemnyima. Humpa chakula, humpa jina, tena humpa mtu anayeuliza, asipoonekana, “Fulani yuko wapi leo?” Bangi, gundi na kamari hufuata baadaye, kama ada ya kukaa katika jamaa ile.

Ikiwa ndivyo, basi anayetaka kumtoa kijana kijiweni hana budi kumpa yaleyale, tena kwa njia iliyo safi na kwa uaminifu zaidi. Hotuba haitoshi. Semina ya siku mbili yenye soda na fulana haitoshi. Kijana ataka mtu mzima mmoja ajuaye jina lake, amwonaye kila juma, asiyemkimbia akikosea. Hili ndilo neno letu kuu. Mengine yote ni maelezo yake.

Wazee wetu walilijua. Katika nchi ya Usukuma palikuwa na shikome, moto wa jioni uwanjani, ambapo wazee na vijana waliketi pamoja. Hapo kijana alisikia habari za ukoo, alifunzwa kazi na heshima, alionywa na kuchekwa, akakua. Hakuitwa mkutanoni, alikuwa akiota moto. Mji umeuzima moto ule. Baba hurudi usiku amechoka, babu yuko kijijini, na vyumba viwili vya kupanga havina uwanja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao ulimwengu wa siku hizi haufungi duka.

Kanisa nalo lina mifano yake. Tarehe 8 Desemba 1841, mjini Torino nchini Italia, padre kijana Yohane Bosco alikuwa akijiandaa kusoma Misa. Kijana yatima wa miaka 16, jina lake Bartolomeo Garelli, fundi mwashi, aliingia sakristia kujikinga baridi. Mtunza sakristia alimtaka atumikie Misa. Alipojibu kwamba hajui, alimpiga na kumfukuza. Padre Bosco aliamuru aitwe arudi. Baada ya Misa akamwuliza mambo mengi, na kila swali kijana alijibu hajui. Mwishowe akamwuliza kama ajua kupiga mluzi. Kijana akatabasamu. Kutoka katika tabasamu lile ilianza kazi ambayo baadaye ilizaa Shirika la Wasalesiani, walioko leo hata katika nchi yetu. Tuone hekima yake: alitafuta kitu kimoja ambacho kijana anakiweza, akaanzia hapo. Wala hakuishia kwenye maneno matamu. Katika miaka ya 1850 aliwaandikia vijana wake mikataba na mafundi waliowafundisha kazi, na mikataba ile ilimtaka fundi amwonye mwanafunzi kwa maneno bila kumpiga, tena ampe pumziko siku za Bwana.

Tukirudi Afrika ya Mashariki, mwaka 1973 Padre Arnold Grol, Mholanzi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, lilelile lililoleta Injili Bukumbi mwaka 1883, alianzisha mjini Nairobi chama kiitwacho Undugu. Aliwafuata watoto wa mitaani walikolala, akakaa nao. Baadaye tu yalifuata madarasa kwa waliokosa shule, na mafunzo ya ufundi. Na hapa Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rakesh Rajani na Mustafa Kudrati walianzisha kituo cha haki za watoto kilichoitwa Kuleana. Jina lile kwa Kiswahili chetu ni somo kamili: halisemi tuwalee wao, lasema tuleane. Kituo kile kilifundisha kwamba mtoto wa barabarani ni mtu mwenye haki, si takataka ya kufagiwa wageni wanapokuja.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa kitu kikubwa ni mtu, chama cha nini? Kwa nini kila mwenye huruma asijitwalie kijana wake? Twajibu kwamba huruma ya mtu mmoja huchoka. Mlezi huugua, huhamishwa kazi, hufiwa. Kijana aliyeahidiwa Jumamosi, akangoja na mtu asije, huumia kuliko yule asiyeahidiwa kitu. Amejifunza kwa mara nyingine kwamba watu wazima ni waongo. Kazi ya chama ni kuhakikisha kwamba Jumamosi ile mtu yupo. Chama huandika daftari la walezi na vijana, huweka zamu, humpata wa kushika nafasi ya mgonjwa, hukutanisha walezi wasaidiane mizigo.

Tena chama humlinda kijana. Tuseme wazi, kwa maana kunyamaza kumeleta madhara makubwa hata ndani ya Kanisa: wapo wajitoleao kuwalea watoto kwa nia mbaya. Kwa hiyo malezi yafanyike mahali pa wazi, watu wazima wawili wakiwapo, wasichana walelewe na wanawake, na kila mlezi aulizwe habari zake kabla ya kupokewa. Chama kisajiliwe kisheria, kijulikane kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii, na hesabu zake zisomwe mbele ya watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo yampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa aonapo haki ya mtoto ikivunjwa. Jirani asiseme hayamhusu.

Sasa, kijana hutiwaje moyo? Si kwa kusifiwa ovyo, maana kijana wa barabarani hutambua sifa ya uongo kwa upesi. Hutiwa moyo na kazi aliyoimaliza. Apewe jambo dogo lenye mwisho: kutengeneza kiti, kutunza akiba kwa mwezi mmoja, kumfundisha mdogo wake kusoma. Akilimaliza aambiwe, “Umelimaliza,” basi. Mjini Nairobi, katika mtaa wa Mathare, chama cha michezo kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliweka utaratibu ambao kwao timu ya mpira hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa magoli peke yake. Vijana ambao watu waliwaita uchafu wakawa ndio wanaoondoa uchafu. Aliyezoea kupokea tu huanza kujiheshimu siku atoapo.

Baada ya moyo huja njia ya riziki. Hapa mlezi awe mjuzi wa milango iliyopo. Mwanza kuna chuo cha VETA huko Nyakato. Tena VETA hupima na kumpa cheti fundi aliyejifunza kazi yake mtaani bila kupita darasani. Tangu mwaka 2018 sheria yaagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini hutolewa kwa vikundi vyenye katiba na akaunti ya benki, na kijana asiye na hata kitambulisho atafikaje peke yake dirishani? Ahitaji mtu wa kwenda naye, kumsaidia kujaza fomu, na kumfundisha kwamba mkopo ni deni.

Wapo watakaosema, “Tuna watoto wetu wa kulea.” Ni kweli, na anayeacha wake njaani ili asifiwe kwa kulea wa watu amekosea. Ila watoto wetu hupita vichochoro vilevile. Wengine watasema, “Tutawapa mkono, watatuibia.” Pengine wataiba. Mlezi asiyeyategemea hayo asianze. Akiibiwa, aseme ukweli, adai kirudishwe, na juma lijalo afike tena. Hatuahidi kwamba kila kijana atarudi. Wengine watatuponyoka, na tutawazika tukiwajua kwa majina. Hata hivyo, Mchungaji wa Injili hakuhesabu faida alipowaacha wale tisini na tisa.

Na kwa jamaa za Kikatoliki neno hili si geni. Kila kijana wa Kipaimara ana msimamizi. Zamani na leo Kanisa humpa msimamizi kazi ya kuhakikisha kwamba aliyepakwa Krisma aishi kama shahidi wa Kristu. Twaogopa kwamba kwa wengi kazi hiyo imekuwa keki, picha na zawadi ya siku moja. Tukiwauliza wasimamizi wa miaka mitano iliyopita vijana wao wako wapi leo, wangapi watajibu? Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2019 kwa vijana, alifundisha kwamba mlezi hamburuti kijana kama mfuasi, bali hutembea kando yake, akijua kwamba yeye mwenyewe ni mdhambi aliyesamehewa. Ndivyo Bwana alivyotembea na wale wawili wa Emau: aliuliza, akasikiliza, kisha akafundisha.

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo na iwataje vijana wake walioacha shule, kwa majina, si kwa idadi. Fundi mwenye karakana ampokee mmoja. Mama aliye jirani na msichana wa kazi amwulize kama hulala vema na kama hulipwa. Penye chama cha kuaminika tujiunge nacho. Pasipo na chama, watu watano waaminifu watosha kuanza. Moto wa shikome haukuwa na kuni nyingi. Ulikuwa na watu waliorudi kila jioni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika Jumuiya

1. Ni kijana gani katika mtaa wetu ambaye hatujamwona shuleni wala kanisani mwaka huu? Nani kati yetu ajua jina lake na mahali alalapo?

2. Wewe uliye msimamizi wa Ubatizo au wa Kipaimara, ulizungumza lini mara ya mwisho na mtoto wako wa kiroho?

3. Kijiwe cha mtaa wetu huwapa vijana nini ambacho nyumba zetu na parokia yetu hazijawapa?