Wosia Wako Uko Wapi?



Somo letu la safari hii linahusu karatasi. Sisi wa mashamba ya chai na miwa hapa Uganda tumejifunza kudai mshahara, lakini karatasi zetu tunazilaza chini ya godoro. Mchwa hawaulizi hii ni ya nani.

Niliwahi kwenda matanga ya mwenzetu mmoja, mkata miwa wa miaka mingi. Ilijulikana kuwa ameandika wosia, na mashahidi wake wote wawili walikuwapo. Tulitafuta siku mbili. Tukaukuta katika sanduku la mbao lililokaa juu ya udongo, nusu umeliwa. Habari za kibanja zilikuwa katika nusu hiyo. Ndugu za marehemu wakasema kibanja ni cha ukoo, na mjane akabaki anashtakiana na shemeji zake.

Sheria ya urithi ya Uganda inataka wosia uwe wa maandishi, mwenyewe atie sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili watie sahihi zao. Tia sahihi kila ukurasa. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia mali, kwa sababu atajiharibia fungu lake. Ukitaka kubadili neno, usifute kwa kalamu peke yako. Andika upya mbele ya mashahidi.

Sasa, uuweke wapi? Mahakama hutaka ule wosia wenyewe, si nakala. Nakala yaweza kusaidia, lakini kama ule wenyewe ulikuwa mikononi mwako na haukuonekana, wapinzani watasema uliuchana mwenyewe kwa kubadili nia.

Wenzangu, msiuache katika nyumba ya kambi. Nyumba ile ni ya kampuni. Ukifa, familia yako itatakiwa kuhama, na katika haraka ya kufungasha vitu, karatasi ndizo hutupwa kwanza. Mpe yule uliyemtaja kuwa msimamizi wa wosia, au wakili, au kiongozi wa dini unayemwamini. Nakala moja ibaki kwa mtu mwingine. Benki ni salama kwa moto na wezi, ila haimfungulii mjane kwa kubisha hodi tu, kwa hiyo ulizia masharti mapema. Na mke au mume wako ajue uliko. Kuna wanaume huficha hata hilo, halafu hushangaa nyumba zao zinagombana!

Karatasi nyingine tia katika mfuko wa plastiki, kisha katika debe lenye kifuniko, juu ya rafu, mbali na jiko na paa linalovuja: makubaliano ya kibanja, barua ya ajira, karatasi za mshahara, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, namba ya NSSF. Katika NSSF wewe unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 10. Ukifa, fedha hizo ni za warithi, lakini lazima waonyeshe kuwa ni warithi. Kupiga picha kwa simu ni vizuri, ila simu huibiwa.

Usimwachie mkopeshaji karatasi ya kibanja eti aishike tu hadi mwisho wa mwezi.

Asiyejua kuandika aje ofisi ya tawi baada ya zamu, pamoja na mashahidi wake wawili. Kalamu na karatasi tunazo.