Somo kwa Makatibu: Folda ya Chama Mtandaoni ni Mali ya Nani?

Kabati la majalada katika ofisi ya chama cha msingi lina kufuli, na kila mjumbe wa bodi hujua ufunguo uko kwa nani. Siku hizi mengi yaliyokuwa yakiwekwa kabatini, yaani rejista ya wanachama, hesabu za mizani, orodha ya mikopo ya pembejeo na kumbukumbu za mikutano, huwekwa katika hifadhi ya mtandaoni. Hifadhi hiyo ni kompyuta kubwa za kampuni, zilizo mbali, ambazo hutunza faili na kumwezesha mwenye akaunti kuzifungua popote penye intaneti. Somo hili linahusu Google Drive, iliyoanza mwaka 2012, kwa kuwa wengi wenye simu za Android tayari wanayo akaunti yake, yenye nafasi ya gigabaiti 15 bila malipo.

Kushirikisha faili si sawa na kuituma. Faili ikitumwa kwa WhatsApp, kila mpokeaji hubaki na nakala yake, na baada ya mwezi hakuna ajuaye ipi ndiyo sahihi. Ikishirikishwa, wote hutazama faili ile ile moja. Katibu huandika anwani ya barua pepe ya mhusika, kisha humchagulia daraja: kutazama tu, kutoa maoni, au kuhariri. Mjumbe wa kamati ya usimamizi hutosheka na kutazama. Karani wa mizani huhitaji kuhariri, lakini apewe faili ya mizani peke yake. Kwa maana apewaye folda hupewa na vyote vilivyomo, pamoja na vitakavyowekwa humo baadaye.

Ipo njia nyingine, nayo huvutia kwa wepesi wake: kufungua kiungo kwa yeyote aliye nacho. Katibu mwenye haraka hukitupa katika kundi la wanachama, na kabla ya jua kuchwa madeni ya mkulima na nambari yake ya simu vimesomwa na watu wasiohusika. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019. Haraka ya katibu si utetezi mbele ya sheria hizo.

Lakini lisahauliwalo zaidi ni umiliki. Chukua mfano wa karani aliyeanzisha daftari la malipo ya msimu kwa akaunti yake binafsi, akaliweka ndani ya folda ya chama. Bodi hulisoma, katibu hulijaza, na wote huamini ni la chama. Sivyo: kwa utaratibu wa Google, faili ni ya aliyeianzisha, hata ikiwa imo katika folda ya mwingine. Siku karani huyo akiondoka kwa ugomvi aweza kuitupa, na kilichotupwa hufutika kabisa baada ya siku 30. Mkulima akija kudai malipo yake ya pili, chama hakina cha kumwonyesha.

Kinga yake ni kufungua akaunti kwa jina la chama, na faili zote zianzishwe humo. Simu ya kurejeshea nywila iwe ya laini ya chama, si ya katibu. Nywila yenyewe iandikwe, itiwe katika bahasha na kufungiwa kwenye sefu. Faili zilizokwisha kuanzishwa na mtu binafsi zaweza kuhamishwa: mwenyewe huiteua akaunti ya chama kuwa mmiliki mpya, nayo hukubali. Hili lifanyike angali kazini, maana akishakasirika ni vigumu kumwomba. Akaunti nayo isitelekezwe. Isipotumika kwa miaka 2, Google yaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo.

Majedwali ya Google huweka pia historia ya mabadiliko, ikionyesha nani alibadili nini na lini. Kwa mkaguzi wa hesabu, hiyo ni afadhali kuliko daftari lililofutwa kwa wembe.

Siku ya makabidhiano, orodha ya wenye ruhusa ifunguliwe mbele ya anayetoka na anayeingia, anayetoka aondolewe hapo hapo, nywila ibadilishwe, na yote yaandikwe katika hati ya makabidhiano na kutiwa sahihi na wote wawili.